Umi na Neno Asilolijua

Umi akirudi kutoka shule hakuanza kwa kula. Alianza kwa kusoma vya watu. Kabla hajatundika begi lake kwenye msumari, tayari palikuwa na mtu barazani anamngoja na karatasi au simu mkononi. Huyu ana ujumbe wa mwanawe aliye Lindi, yule ana cheti cha zahanati, mwingine ana barua ya chama cha msingi kuhusu bei ya ufuta. Kijijini kwetu, huku juu kwenye milima ya Umatumbi, wazee wengi hawasomi, na sisi wengine tunasoma kwa kukokota. Mimi niliishia darasa la saba, tena zamani, na macho yangu hayaoni tena herufi ndogo. Umi alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na alisoma kama maji yanayoteremka mlimani. Watu walimwita Karani.

Mimi ni mama yake, na haya nayaandika kwa ruhusa yake. Alisema, "Andika, Mama, ila usinipunguzie." Basi sitampunguzia, na mimi mwenyewe sitajipunguzia.

Siku moja alikuja Babu Valentini, jirani yetu mwenye michungwa, na boksi la dawa alilopewa hospitali. Umi akamsomea: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Mstari wa tatu ulikuwa wa Kiingereza. Umi akautazama, kisha akasema bila kutikisika, "Na usinywe kwa maji ya moto, Babu." Mzee akashukuru, akaacha machungwa manne, akaenda zake. Nilimuuliza Umi kama kweli imeandikwa hivyo. Akacheka, akaniambia lile neno hakulijua, ila angesema hajui, Babu angekwenda kumtangaza kwamba Karani naye kumbe hajui.

Na mimi nikacheka. Kosa la kwanza katika habari hii ni kicheko changu hicho.

Sasa niwaambie habari za Hamida, mwanangu wa kwanza, dada yake Umi. Baba yao, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikufa akiacha agizo moja: Hamida asome mpaka mwisho wa kusoma. Hamida akasoma. Akapata shahada ya kwanza ya uhasibu, tukachinja jogoo. Tulidhani kazi ingefuata kama kivuli kinavyofuata mtu. Haikufuata. Miaka miwili alikaa Lindi akijitolea katika ofisi moja ya hesabu, anapewa nauli na chakula cha mchana. Kila akiomba ajira huambiwa walio kama yeye ni wengi, aongeze elimu.

Wakati wa Idi alikuja nyumbani, na siku moja tukipepeta ufuta akanieleza kwamba kuna ufadhili umetangazwa. Wakimchagua, watamlipia shahada ya uzamili ya uhasibu na fedha, Dar es Salaam, miaka miwili, pamoja na chakula na malazi. Mimi shahada niliyoijua ni ile ya kumshuhudia Mungu, na uzamili sikuwahi kuusikia. Babu Valentini, aliyekuwa amekaa nasi, aliuliza kama msichana anataka kuzamia meli aende Afrika Kusini. Hamida alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Ndipo akatafuta namna ya kutueleza. Akauliza, "Mama, pale njia panda ya Nangurukuru kuna njia ngapi?"

Nikamwambia kila mtu anajua. Kuna ya kwenda Dar, kuna ya kwenda Lindi, kuna ya kwenda Liwale, na kuna ya kwenda Kilwa Masoko.

"Basi na mimi nimesimama Nangurukuru," akasema. Shahada ya uzamili ndiyo njia ya Dar, ndefu lakini ni lami, na ukifika, umefika mjini. Stashahada ya uzamili ndiyo ya Lindi, ya mwaka mmoja, fupi zaidi, lakini hiyo hakuna wa kumlipia. Halafu ipo mitihani ya bodi ya wahasibu. Hiyo mtu anaweza kujisomea mwenyewe nyumbani, karatasi moja moja, anafaulu hii, anarudia ile. "Hiyo ndiyo ya Liwale, Mama. Vumbi kiangazi, tope masika. Watu wanafika, lakini unajua wanavyofika."

"Na ya Masoko?" Umi akauliza.

"Ya Masoko inaishia baharini. Hiyo ni kukaa nyumbani kungoja bahati."

Simu ya Hamida ilikuwa imeingia maji siku zile. Akaazima ya Mwalimu Dominick, mwalimu mkuu wa shule yetu, akajazia fomu ya maombi. Mahali pa namba ya mawasiliano akaandika yangu, maana hakujua yake itapona lini. Kabla ya kurudi Lindi alimshika Umi mabega mawili, mbele yangu. Akamwambia kwamba jibu litakuja kwenye simu ya Mama, na lisipojibiwa ndani ya siku saba nafasi itapotea. "Ujumbe ukija usibonyeze kitu. Nipigie unisomee neno kwa neno. Usiponipata, piga tena. Neno kwa neno, Umi, umenisikia?"

Umi akasema amesikia. Mimi pia nilisikia.

Simu yangu ni ya kitochi, na mtandao kwetu hauingii majumbani. Upo juu ya kichuguu kimoja karibu na uwanja wa shule. Watu hupanda pale wakageuka huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tangu siku ile Umi akawa anachukua simu yangu kila akitoka shule na kupanda nayo kichuguuni.

Alhamisi moja ujumbe ukaja. Siku hiyo palikuwa na mechi ya netiboli dhidi ya shule ya kijiji cha pili, ianze saa kumi, na Umi ndiye mfungaji wao. Alimpigia dada yake, ambaye simu yake ilikwisha kupona, mara mbili. Hamida alikuwa kazini, amezima simu. Wenzake walikwisha kuvaa, wanamwita. Akaja mbio mpaka kisimani nilikokuwa, amevaa sketi ya michezo tayari, akihema, akaniambia, "Mama, dada amechaguliwa."

Niliweka ndoo chini. Nilishukuru, nikalia kidogo. Kisha akanisomea. Hamida Yassin amechaguliwa kupata ufadhili wa shahada ya uzamili ya uhasibu na fedha. Kuthibitisha ajibu moja. Kuahirisha ajibu mbili. Mwisho ni Alhamisi ijayo saa kumi jioni.

Nikamuuliza maana yake ni nini. Sasa sikilizeni vizuri, wanangu, kwa sababu neno hili si geni kwenu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Abdulwahab, kila mkutano unapokwisha, watu wamekubaliana, dua imesomwa, husimama akasema, "Baada ya hayo, naahirisha mkutano." Watu wanakung'uta nguo, wanaondoka. Tangu nimeolewa katika kijiji hiki ndivyo nilivyolisikia. Kwangu mimi kuahirisha kulikuwa ni kufunga jambo likiwa limekwisha vizuri. Na kuthibitisha nilikusikia mtu anaposhitakiwa: thibitisha kama si wewe uliyekata mnazi wa mwenzio.

Na Umi naye alikuwa amelisikia hapo hapo niliposikia mimi.

"Moja maana yake bado wana shaka, wanataka ushahidi," akasema. "Mbili ndiyo ya kumaliza. Kama Mwenyekiti."

"Una hakika, mwanangu? Dada yako alisema umsomee kwanza."

"Hapatikani, Mama. Na hili neno tumefundishwa shuleni."

Hawakufundishwa. Alisema hivyo kwa sababu mechi ilikuwa inaanza, na kwa sababu Karani hawezi kusema hajui. Ningeweza kumwambia acha mpaka jioni. Siku saba zilikuwa zote mbele yetu. Ningeweza kutembea mwenyewe mpaka kwa Mwalimu Dominick, si mbali. Lakini nilikuwa na furaha na ndoo mbili za kupeleka nyumbani, nikamwambia haya, bonyeza uwahi mchezo wako.

Walishinda mechi. Umi alifunga mabao tisa. Baada ya mechi alipanda kichuguuni, akakuta jibu limerudi. Hilo sikulijua siku ile, nimekuja kuambiwa baadaye. Lilisema hivi: umeahirisha, ufadhili huu hauhamishwi kwenda mwaka mwingine, kama mpaka Alhamisi ijayo saa kumi mwombaji mwenyewe hajapiga namba hii kubadili jibu, nafasi itapewa mwombaji anayefuata.

Maneno haya yalikuwa mepesi. Hakuna lililompita. Alisimama juu ya kichuguu na jezi yake ya ushindi, akayasoma mara tatu. Kisha akayafuta.

Kesho yake Hamida alipiga, nami nilikuwa nimepanda kichuguuni na Umi makusudi kumngoja. Nikampa habari njema kwamba amechaguliwa na tumeshajibu, mambo yamekwisha. Hamida alipiga kigelegele ofisini kwa watu. Kisha sauti yake ikabadilika, akasema mpe simu Umi. Nilisogeza sikio nikasikia yote.

"Umejibu ngapi, mdogo wangu?"

Umi alitazama chini. "Moja."

"Moja ya kuthibitisha?"

"Ndiyo, dada. Moja."

"Hawajarudisha kitu?"

"Wamerudisha. Wamesema asante."

Kisimani alikuwa amesema mbili, lakini nikadhani alibadili alipofika kichuguuni, nami sikumuuliza. Hapo, wanangu, ndipo mlango ulipofungwa. Kosa la Alhamisi lilikuwa la kutojua, na lilikuwa na siku saba za kulirekebisha. Ilihitajika simu moja tu ya Hamida mwenyewe. Lakini Hamida hakujua kwamba anatakiwa kupiga simu, na aliyejua alikuwa ameshasema moja.

Wiki ile Umi hakula. Usiku anagaagaa, mchana anasinzia darasani. Nikasema ni malaria, nikampeleka zahanati, wakampima, wakasema hana. Nikamkanda kwa maji ya vuguvugu. Nilimuuliza kama kuna mtu anamsumbua shuleni, akasema hakuna. Watu walikuja na karatasi zao akasema kichwa kinamuuma. Siku ya Jumatano aliniita, "Mama." Nikaitika. Akasema hakuna kitu. Nilikuwa nachagua mchele, sikuinua kichwa.

Naye Hamida huko Lindi alikuwa anaaga. Jumatatu aliwaambia ofisini kwamba anakwenda kusoma. Meza yake alipewa kijana mwingine, na kijana huyo wakamwandikia mkataba wa mwaka, ule ambao Hamida aliungoja miaka miwili. Hamida hakujali. Mtu aliyepata njia ya lami hajali kapita nani kwenye vumbi.

Alhamisi ya pili saa kumi ikapita. Mimi nilikuwa natwanga.

Ijumaa baada ya sala palikuwa na mkutano wa kijiji. Ulikuwa mkutano mbaya. Pampu ya maji ilikuwa imeletwa, na upande wa juu na upande wa chini kila mmoja anaitaka kwake. Watu walitoleana maneno. Mzee mmoja alimwambia mwenzake kwamba ukoo wao haukuwahi kuoga, maji wanayataka ya nini. Bwana Abdulwahab aligonga meza hadi mkono ukamuuma, akasema, "Kwa kuwa hatujakubaliana hata neno moja, naahirisha mkutano huu mpaka Jumapili."

Nilijikuta nageuka kwa Mwalimu Dominick aliyekaa benchi la nyuma yangu. Nikamuuliza inakuwaje Mwenyekiti anaahirisha na jambo halijakwisha.

"Ndiyo maana yake, Mama Hamida," akasema. "Kuahirisha ni kusogeza mbele. Jambo lililokwisha haliahirishwi."

"Na siku zile nyingine, mbona tunakuwa tumekubaliana?"

"Siku zile anauahirisha mkutano mpaka mwezi ujao. Hayo mliyokubaliana yamekubaliwa, lakini mkutano wenyewe umesogezwa tu."

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nakumbuka nilitembea na kanga moja, nyingine nimeiacha kwenye benchi.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Hamida barazani. Alikuwa amefika kwa bodaboda kutoka barabara kuu, na begi kubwa, amekuja kutuaga kabla ya kwenda Dar. Amesuka nywele. Umi alikuwa ameketi mbele yake kwenye mkeka, na mapajani ana kitabu kinene, kipya, bado kimo ndani ya nailoni. Ilikuwa ni kamusi ya Kiswahili. Hamida alimnunulia Lindi, zawadi ya Karani aliyempokelea habari njema.

Sikungoja salamu. Nikamuuliza Umi, "Ulibonyeza ngapi?"

Hamida akanitazama, akamtazama mdogo wake. Umi alikumbatia ile kamusi kama mtu anayeshika ubao wa mashua iliyopasuka. Akasema, "Mbili." Kisha akasema yote, mpaka la ujumbe aliofuta, mpaka saa kumi ya jana.

Hamida alisimama, akachukua simu, akaenda kichuguuni hali anakimbia na viatu vyake vya safari. Tulimfuata. Alipata ile namba, maana ilikuwa kwenye tangazo alilohifadhi. Mama aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotuumiza. Alisema, "Pole sana, binti. Jana mpaka saa kumi na nusu tulikuwa tunakungoja upige. Leo asubuhi tumempigia mwenzako, amekubali." Hamida akashukuru. Alimshukuru kabisa, kwa adabu, akakata simu.

Nyumbani nilishika fimbo. Hamida akanishika mkono.

"Acha, Mama. Na wewe uliambiwa neno kwa neno."

Ilinichoma kuliko ambavyo fimbo ingemchoma Umi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku tatu Hamida alilala akiangalia ukuta. Nguo alizokuwa amezikunja kwa ajili ya Dar zilikaa begini vile vile. Majirani walikuja, nikawaambia ana homa. Nami nikawa nadanganya, mnaona jambo hili linavyoambukiza? Umi alikwenda shule akarudi, akakaa nyuma ya jiko. Mtu akija na karatasi anakimbilia mashambani. Kamusi ilikuwa juu ya mtungi, hakuna aliyeifungua. Nilikuwa na watoto wawili ndani ya nyumba, na nyumba iko kimya kama ya msiba. Niliogopa. Ilifika mahali nikaficha sumu ya kupulizia mikorosho, na sikumwambia mtu kwa nini.

Siku ya nne asubuhi Hamida aliamka mwenyewe, akaoga, akaketi barazani na daftari. Akamwita Umi. Umi alikuja amejikunyata, akaketi mbali. Mimi nilikuwa nakuna nazi mlangoni. Haya ndiyo aliyomwambia, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Alimwambia kwamba kazi ya uhasibu watu wanadhani ni kujua hesabu, lakini siku ya kwanza ofisini yule mzee aliyemfundisha alimpa kitabu chenye mistari mitupu mingi. Hamida akataka kuonyesha bidii, akajaza ile mistari kwa kukisia. Mzee akakifunga kitabu, akamwambia mstari mtupu ni heshima. Umewaambia watu kwamba hapa bado hatujui, nao watatafuta. Mstari uliojazwa kwa kukisia hakuna atakayeutafuta tena.

"Na jambo la pili," Hamida akasema, "mkaguzi akija, makosa hayamshtui. Makosa kila mtu anayo. Anachotafuta ni palipofutwa."

Umi akaanza kulia bila sauti.

"Ulipobonyeza mbili ulikuwa mtoto asiyejua neno. Nisingekuwa na kinyongo na wewe hata siku moja. Ulipofuta ule ujumbe, ukaniambia moja, uliniacha nikatembea siku saba gizani na wewe una taa mkononi. Hilo nitalisamehe, Umi, wewe ni damu yangu. Lakini nitadanganya nikikwambia nimeshalisamehe leo."

"Nifanye nini, dada?"

"Lete hiyo kamusi. Anza na herufi A."

Neno lenyewe halikuwa mbali, lipo kurasa za mwanzo kabisa. Umi alilisoma kwa sauti, neno na maana yake, na sauti ikamkatika katikati.

Nangurukuru ina njia ya Liwale, na hiyo ndiyo Hamida aliyoishika. Ile meza ya Lindi ilikuwa imekwenda, na ya stashahada hatukuweza. Msimu wa korosho ulipoanza alipata kazi ya karani wa mizani katika chama cha msingi, anaandika uzito wa magunia tangu asubuhi hadi mchana, na alasiri anasomea mitihani ya bodi kwenye meza tuliyoazima shuleni. Vitabu vinakuja kwa basi, vingine vimekosa kurasa. Mara ya kwanza alifanya mitihani mitatu. Amefaulu miwili, mmoja umemrudisha. Anaurudia. Aliyechukua nafasi yake kule Dar hatumjui, ila nimehesabu, na sasa naye atakuwa anakaribia kumaliza. Siku nyingine Hamida anaweka kalamu chini, anaangalia upande wa barabara, nami najua anawaza nini. Simsemeshi.

Kabla msimu ule wa kwanza wa korosho haujaisha alirudi Babu Valentini. Alikuwa amekonda, anashika tumbo, na mkononi ana boksi jipya la dawa ile ile. Umi alimwamkia, shikamoo Babu, mzee akaitika marahaba. Akaketi, akamwambia Karani amsomee tena, maana dawa hii inamwasha tumboni kama pilipili tangu aianze.

Umi akapokea boksi. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili. Kwenye wa tatu akasimama. Niliacha nilichokuwa nafanya. Hamida naye, mezani kwake, aliinua kichwa.

"Babu," Umi akasema, "hapa sijui."

"Hujui? Mbona siku ile ulijua?"

"Siku ile pia sikujua. Nilikudanganya. Nisamehe, Babu."

Mzee akalichukua boksi lake. Kisha akasema Karani gani huyu asiyejua, bora amtafute mwingine, na machungwa yake arudishiwe. Alisema kwa mzaha nusu, nusu kwa uchungu. Umi hakubisha. Alisimama, akamshika mkono, wakaenda pamoja zahanati, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mzee. Muuguzi akawasomea: dawa hii inywewe baada ya chakula, isinywewe tumbo likiwa tupu. Babu Valentini alikuwa akiinywa alfajiri kabla ya uji, miezi yote hiyo, na maji baridi kama alivyoagizwa.

Waliporudi, Umi alinieleza akiwa amesimama mlangoni. Alisema, "Mama, angeweza kufa." Nikamwambia ndiyo, angeweza. Sikumficha. Kisha nikamwambia yale ambayo ningemwambia siku ile ya kwanza badala ya kucheka, na nyinyi mnaosoma haya nawaambia vile vile. Usipojua, sema sijui. Ni neno dogo, halina aibu, na mtu mzima atakayekucheka kwa neno hilo basi yeye ndiye asiye na akili. Ukikosea, sema nimekosea siku hiyo hiyo, wakati bado kuna siku saba. Ya nane ikifika, hata ukweli hauna kazi tena zaidi ya kuumiza.

Barazani kwetu watu bado wanakuja na karatasi zao. Hawamwiti tena Karani. Wanamwita Sijui, kwa utani, na yeye anaitika. Na nimeona kitu kimoja: zile karatasi nzito, za hospitali na za mashamba, ambazo zamani walizipeleka kwa Mwalimu Dominick, siku hizi wanaanza kumletea Sijui.